Asali Iliyoganda

Mihayo ana mtihani Jumatatu.
Amelala kifudifudi mkekani, kalamu mdomoni,
ananiuliza tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza.
Kamusi aliyoazima imeyapa yote jibu moja:
-enye kiburi.
La kwanza, -enye kiburi. La pili, -enye kiburi.
Kama dada wawili waliogawana doti moja ya kanga.
Kamusi imechoka, nikamwambia. Ifunge.

Kiingereza changu kiliishia darasa la saba,
lakini watu wa Isevya nawasoma bila miwani.

Mtazame Nyamizi wa stesheni.
Mwaka wa tisa huu anapita hapa alfajiri,
kiatu cheusi, mkoba kwapani, analiwahi dirisha la tiketi.
Ukimwambia "mwangaluka" anaitikia nusu,
nusu nyingine anaondoka nayo.
Harusini hukaa kiti cha mwisho, jirani na mlango.
Hajawahi kuniuliza nimekula nini,
wala mume wangu alikwenda wapi.
Mtaa ulishatoa hukumu: anaringa.
Muhuri nilipiga mimi.

Halafu mtazame Bwana Luhende, mwenye mashine ya kusaga.
Yeye husimamisha pikipiki. Huzima injini kabisa.
Huinama, mtu mrefu vile, ona, huinama,
akaniminya bega kama anayechagua embe:
"Mama Mihayo wangu! Leo tena juani?
Wewe mpiganaji. Sisi wengine tusingeweza."
Hununua chupa mbili asizozihitaji,
huacha chenji,
na chenji ile hubaki mezani ikinitazama hadi jioni.
Mtaa unasema: huyu ni mtu wa watu.

Mwanangu akaandika kitu, akakifuta.
"Kwa hiyo mmoja yuko mbali, mwingine yuko juu?"

Karibu, nikasema.
Aliye mbali hujui kama yuko juu.
Huenda kachoka tu. Huenda yuko shimoni
na sisi tunamtafuta kwa macho kwenye paa.
Lakini mwenye kutaka ujue kimo chake
lazima asogee. Urefu hauonekani
mpaka msimame bega kwa bega.

Nikashusha chupa mbili rafuni.
Hii ya Sikonge imeganda tangu baridi ya Juni,
nyeupe, nzito, kijiko kinasimama chenyewe.
Wateja huigeuza, huirudisha: hii ina sukari.
Ile inayoteleza, inayong'aa kama kioo cha taa,
huilipia bila swali,
nami namjua aliyeichemsha, na alichochemshia.

Nikajiona nimefundisha.
Nikafunga mfuniko kwa madaha.

Ndipo akasema, kichwa hakuinua:
"Na wewe, mama, ukiongea na Ntakije?"

Ntakije hutuletea madumu kwa baiskeli kutoka Ulyankulu,
vumbi mpaka kwenye kope.
Nampa uji. Nilimpa shati la marehemu kaka yangu
na nikahakikisha majirani wameliona.
Namwita "kijana wangu"; ana wajukuu watatu.
Nasema naye polepole, kwa sauti kubwa,
kana kwamba Kiswahili ni mto na yeye hajui kuogelea,
ilhali methali anazozijua yeye
mimi nyingine nazisikia kwake mara ya kwanza.
Na mkono wangu, sasa nakumbuka,
mkono wangu huwa begani mwake.

Koroboi ikapepesuka. Nje, kichwa cha treni kilikuwa kinabadilisha njia,
vyuma vikigongana, vikiachana.
"Andika lolote," nikamwambia, "ulale."
Hakulala. Nilisikia kalamu.

Jumanne Ntakije anakuja.
Nimekaa hapa na chujio mapajani,
nafikiri mkono huu nitauweka wapi.